Mafua ya Mama

Siku hizi watu hawajui kujifukiza. Nawaona wajukuu zangu: mtu anachemsha maji, anatupia vijani viwili vya mchaichai, anajitandaza taulo kichwani, dakika mbili huyo katoka, "Bibi, nimejifukiza." Umejifukiza nini wewe? Umenawa uso. Kujifukiza kuna adabu yake, na mie nilifunzwa uani kwetu Temeke na bibi mzaa baba, mwanamke aliyekuja mjini kutoka kusini na mkeka wake kichwani na ulimi unaowasha kuliko pilipili.

Kwanza majani. Kivumbasi ndicho mkubwa wao. Bila kivumbasi, bibi alikuwa akisema umechemsha mboga. Halafu majani ya mlimao, ya mpera, mkaratusi ukibahatika kuupata, na mwarobaini kidogo tu. Sufuria ichemke na kifuniko juu, mvuke usipotee bure. Mgonjwa anakaa kwenye kigoda, sufuria inawekwa katikati ya miguu yake bado imefunikwa, ndipo anatupiwa blanketi gubigubi. Akishakuwa gizani mle, mwenyewe anafunua kifuniko polepole, avute kwa pua, atoe kwa mdomo. Nje lazima akae mtu wa kukanyaga pindo za blanketi ili upepo usiingie, na huyo mtu wa nje hana ruhusa ya kufunua, wala kuuliza, wala kuchungulia. Mgonjwa akigumia, akipenga, akitoa kwikwi, muache. Mafua hayo yanatoka. Kazi inaisha pale yeye mwenyewe atakaposema, "Tosha."

Mtu wa nje nilikuwa mie, na nilikuwa darasa la tatu. Mtu wa ndani alikuwa mama.

Baba alikuwa fundi mitambo katika kiwanda cha nguo, na jioni mbili kwa wiki alikwenda mazoezi ya mgambo na wenzake wa kazini, wakirudi wamejaa vumbi na vicheko. Hatukulitilia maanani jambo hilo. Vita vilipozuka kule Kagera, mgambo nao wakaitwa. Asubuhi ya kuondoka kwake bibi alimfungia kijifurushi: tangawizi kavu, karafuu, na kichupa kidogo cha mafuta ya karafuu alichokiziba kwa kizibo cha mpira na kukizungushia uzi mwekundu.

"Huko uendako kuna baridi," bibi akamwambia. "Ukiona pua inaziba, tone moja kwenye kitambaa, uvute."

Baba akacheka. "Mama nawe! Mie naenda vitani, wewe unaniogopea mafua?"

"Risasi ni mambo ya Mungu," bibi akasema. "Mafua ndiyo kazi yangu."

Nilimtazama mama. Alikuwa amesimama mlangoni na macho yamemjaa maji, midomo imeanza kumcheza. Bibi akamwona kabla hata ya chozi la kwanza kudondoka. "We! Koma! Humlilii mtu yu hai. Unataka kumchulia mwanangu?"

Hilo kwetu halikuwa jambo la mzaha. Kumlilia mtu aliye hai ni uchuro. Chozi linamtangulia njiani, wazee walisema, linakwenda kumngoja huko aendako. Ukimlilia msafiri umeshamchimbia. Basi mama akameza, kweli nililiona koo lake likimeza, akampa baba mkono kama anavyoagwa mgeni. Baba akanishika kidevu. Alikuwa akiniita mama, kwa vile nilirithi jina la bibi. "Mama," akasema, "nitunzie mama yako, eti?" Nikasema ndiyo. Tena nilisema kwa sauti kubwa, nikijiona mtu mzima.

Barua ya kwanza ilikuja mapema. Aliileta balozi wa nyumba kumi, mzee mmoja mrefu aliyependa kupita alasiri na makaratasi yake kwapani, maana barua nyingi za mtaa wetu zilipitia mikononi mwake. Baba aliandika kwamba hajambo, baridi ipo, dawa ya mama inafanya kazi. Bibi alinisomesha barua ile mara nne, na kila nikifika kwenye dawa alikuwa akitikisa kichwa, "Ehee, si niliwaambia?"

Halafu barua zikakatika. Balozi akawa anapita tu. Alikuwa akiinua mkono kutokea barabarani, "Hamjambo humo?" na kuendelea na safari yake. Hapo ndipo mafua ya mama yalipoanza.

"Pua zimeziba," mama alikuwa akisema, anageukia ukutani. "Kichwa hiki chote kizito. Hebu niwekee maji, mwanangu."

Nikamwekea leo, nikamwekea kesho, na kesho kutwa nikamwekea tena. Alikuwa akitoka ndani ya blanketi macho mekundu, uso umevimba, kanga imelowa, anapenga kamasi, hali ya mtu mwenye mafua hasa. Bibi akaingia kazini. Alimpondea kitunguu saumu akakichanganya na asali, akambembeleza kukinywa kama mtoto. Akamchemshia tangawizi na ndimu. Akamlazimisha kuvuta maji ya chumvi ya vuguvugu kwa tundu moja la pua yatokee la pili. Siku moja akamtia ugoro wake mwenyewe, ule aliouficha kwenye kikopo kiunoni, na mama akapiga chafya kumi na kitu mfululizo mpaka akakaa chini, akacheka. Bibi naye akacheka, wakisukumana mabega kama wasichana. Nakumbuka nilifurahi nikadhani ndiyo kapona. Alasiri balozi akapita bila kusimama, na mama akasema, "Niwekee maji."

Sasa mie nilikuwa na hasira, si kidogo. Niliachiwa kazi moja tu duniani, nimtunze mama, nayo inanishinda. Nikaamua majani yangu ndiyo hayafai. Nikawa nikitoka shule nazunguka mabondeni kutafuta kivumbasi chenye harufu kali. Mkaratusi niliupata kwenye kiwanja cha shule moja upande wa Chang'ombe, na mlinzi wake alinikimbiza mara mbili. Ya tatu aliponikamata nikamwambia mama yangu anaumwa, akaniinamishia tawi mwenyewe. Nilirudi na rundo la majani kichwani. Bibi akanipokea mlangoni kwa utani wake, "Haya, mke mwenzangu kaja, mganga mkuu! Huyo mama yako akifa, hatakufa kwa kukosa majani." Halafu akamgeukia mama. "Lakini na wewe useme unaumwa wapi. Mficha maradhi, kilio humuumbua." Mama akainamia ungo. Alikuwa anachambua mchele.

Shuleni kulikuwa na msichana mmoja aliyejua kila kitu. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba pua sugu dawa yake ni pilipili kichaa: unazitia kwenye maji ya kufukiza, mtu anakohoa mpaka anatema kila kilichomo. Nikamwamini. Nikachuma pilipili saba kwenye kijimti cha jirani, nikazitosa kwenye sufuria inachemka, nikafunika haraka. Mama akakaa kigodani. Nikaweka sufuria miguuni pake, nikamtupia blanketi, nikakanyaga pindo, nikangoja akohoe.

Hakukohoa. Nikasikia zile sauti zake za siku zote, za kuvuta pua na kukwama kwa pumzi. Kikohozi hakuna. Nikangoja. Pilipili saba! Mie niliyekuwa nje ndiye nilikuwa nawashwa macho kwa kumbukumbu ya kuzichuma tu. Nikaingiwa na hofu mbaya. Nilidhani zimemziba roho, amezimia mle ndani. Basi nikafanya lile nililokatazwa. Nikafunua blanketi.

Sufuria ilikuwa na kifuniko chake. Hakukigusa. Mama alikuwa ameinama juu yake na pindo la kanga amelijaza mdomoni, amelitafuna, na machozi yanamtiririka mpaka shingoni. Alinitazama na hiyo kanga mdomoni, akatikisa kichwa: hapana, hapana.

Na mie badala ya kumrudishia blanketi, nikapiga ukelele. "Bibi! Bibi! Mama hajifukizi! Mama analia tu, hata sufuria hajaifunua!"

Uani palikuwa na watu. Nyumba ile ilikuwa na wapangaji, na muuza maandazi wa chumba cha mbele, mwanamke mwenye roho nzuri na masikio marefu, alikuwa anakanda unga hatua tano kutoka pale. Mikono yake ikasimama ndani ya beseni. Bibi alikuwa mkekani anasuka ukili. Akauweka chini. Akainuka taratibu, maana magoti yalikuwa yanamsumbua, akaja akasimama mbele ya mama.

"Unamlilia nani?"

"Mafua, mama," mama akasema.

"Nakuuliza, unamlilia nani? Mwanangu yu hai!" Sauti yake ilipasuka. "Siku zote hizi! Unakaa humo unamchulia mwanangu, na mie nakupondea vitunguu!"

Akalivuta lile blanketi, akalikunja, akaenda nalo chumbani kwake na kulifungia kwenye furushi la nguo zake. Kesho yake akapika uji, akawaita watoto wa mtaa wanywe, sadaka ya kuuondoa ule uchuro. Mie nilipewa bakuli la kwanza. Sikuweza kuumeza.

Tangu siku hiyo mama hakuumwa mafua tena. Balozi alikuwa akipita, mama anaendelea kufua, anaendelea kupepeta, macho makavu. Nilimwona akisimama tu katikati ya uani na ndoo mkononi kama amesahau anakokwenda. Hakuwa na pa kwenda. Nyumba nzima ile, na watu wote wale, mahali pake palikuwa chini ya blanketi, na mie ndiye niliyepafunua.

Kisha alasiri moja balozi hakupita. Alikuja akaingia, na wanaume wawili nyuma yake, na kofia wameshika mikononi.

Sitasimulia sana hapo. Waliyosema ni machache, na karatasi waliyoleta ilikuwa fupi. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mmekosea jina." Balozi akasema, "Mama yangu, tumehakikisha." "Mmekosea jina," akarudia. Halafu akamgeukia mama, akamnyooshea kidole, "Na wewe! Machozi yako ndiyo yaliyoileta karatasi hii." Mambo hayo mawili hayapatani. Kama wamekosea jina, machozi yameleta nini? Lakini bibi aliyabeba yote mawili, moja huku na moja huku, na hakuna aliyethubutu kumtua.

Maiti haikuja. Ikasaliwa sala ya ghaibu, tukakaa matanga. Na sasa mama aliruhusiwa kulia. Wanawake walimzunguka, wamemshika mabega, "Lia, mwenzetu, lia, utoe." Hakulia. Alikaa na nguo zake za eda, macho makavu kama siku zile za ndoo, na nilisikia jikoni wakinong'ona, mke gani huyu hana chozi? Nilitaka kuwarushia sufuria. Bibi naye hakulia, ila yeye kwa sababu yake: mtu aliyekosewa jina haliliwi. Kila jioni alikuwa anamwekea baba sahani yake, anaifunika kawa, na asubuhi anampa muuza maandazi chakula kile.

Na mie? Mie nilikuwa na hakika kwamba baba ameuawa na kimoja kati ya vitu viwili, machozi ya mama au mdomo wangu. Mdomo huponza kichwa, wanasema, lakini wangu uliponza kichwa cha mtu mwingine. Siku moja, eda imekwisha, nilimfuata mama bombani. Nikamwambia, "Mama, mie nisingefunua..." Hakuniacha nimalize. "Chota maji," akasema. Nikachota. Tukarudi tumefuatana, ndoo kichwani, na hakulizungumza tena mpaka alipoingia kaburini. Sijui kama alinisamehe. Nadhani alinisamehe. Lakini kusamehewa bila kuambiwa ni jambo zito, watu wasikudanganye.

Vita vikaisha, wanaume wakaanza kurudi. Mtaa ulijaa vigelegele, leo nyumba hii, kesho ile. Bibi alihamisha mkeka wake kutoka uani akauweka barazani, na kila gari kubwa likipita alikuwa akiacha kusuka.

Kipupwe kilipoingia, akaja mtu kweli. Alikuwa mwenzake baba wa kiwandani, waliitwa pamoja. Amekonda, anachechemea. "Shikamoo, mama," akamwambia bibi. "Marahaba." Akakaa ukingoni mwa baraza, akaingiza mkono mfukoni, akatoa kichupa. Uzi mwekundu ulikuwa bado umezunguka shingoni mwake, umefifia.

Bibi alikipokea. Akakinyanyua kwenye mwanga. Akatoa kizibo, akanusa, akakirudisha.

"Imebaki nusu," akasema.

"Alikuwa akitugawia, mama. Pua zote za kikosi chetu zimepita hapo."

Bibi akaupapasa ule uzi. "Yeye mwenyewe? Mafua yalimshika?"

Yule mtu akainamisha kichwa. "Hapana, mama. Mafua hayakumshika hata siku moja."

Bibi akasema asante. Akamwambia mama amletee mgeni chai, chai ya rangi, sukari haikuwepo. Mgeni akanywa, akaaga, akaondoka akichechemea, na bibi akabaki amekaa na kichupa kiganjani. Sahani ya baba ilikuwa juu ya kabati, imeoshwa, inangoja jioni.

Mwishowe akainuka, akaingia uani. "Mie nina mafua," akasema. "Niwekeeni maji."

Nikamtazama pua. Ilikuwa kavu kabisa. Asubuhi nzima hakupiga hata chafya moja. Nikafungua mdomo wangu huu, na mama akanitazama. Hakunikunjia uso wala hakunikonyeza, alinitazama tu. Nikaufunga. Nikachukua kikapu, nikaenda kuchuma majani: kivumbasi, mlimao, mpera, vyote kama inavyotakiwa. Mkaratusi niliufuata hukohuko Chang'ombe. Mama akachemsha. Bibi akaenda chumbani, akafungua furushi lake, akatoka na lile blanketi, akampa mama mkononi. Akakaa kigodani, mama akaweka sufuria miguuni pake na kumfunika gubigubi.

Tukasikiliza, mie nimekanyaga pindo upande huu, mama upande ule. Nilikuwa nangoja mlio wa kifuniko kikifunuliwa, lile bati likigusa sakafu. Haukuja. Ukaja mwingine, mdogo, unaokwama, kisha mkubwa, sauti ya mwanamke mzee ambayo sikupata kuisikia kabla ya siku ile wala baada yake. Blanketi zima likawa linatikisika.

Mama akaondoa mguu wake kwenye pindo. Kisha akainua pindo la upande wake, akainama, akaingia mle ndani, akalishusha nyuma yake. Nikaona maumbo mawili yakisogeleana chini ya blanketi mpaka yakawa moja. Na hapo nikamsikia mama, mara ya kwanza tangu karatasi ile ilipokuja.

Nilibaki peke yangu nje. Pindo zilikuwa nyingi kuliko miguu yangu, nikazunguka nikiweka jiwe hapa, kigoda kingine pale, mie mwenyewe nikakalia upande wa mlango. Muuza maandazi akatokeza kichwa chumbani kwake, mkono una unga.

"Kuna nini huko? Nani yumo humo?"

"Bibi na mama," nikasema.

"Wana nini?"

Nikamtazama usoni, sikupepesa.

"Mafua," nikasema. "Yamewashika wote wawili."

Akasimama pale kitambo, ananitazama mie, analitazama blanketi. Halafu akarudi ndani na kufunga mlango wake taratibu, na mie nikaendelea kukalia pindo mpaka waliposema tosha.